Naomba ushauri: mwanangu anajua sayansi, lakini mtihani unamshinda

Mama wa Kibirizi (Kigoma)

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ninaanika na kuuza dagaa mwaloni Kibirizi, na mwanangu wa pili yuko darasa la saba, akijiandaa na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwezi wa Septemba. Masomo mengine hayanipi wasiwasi, ila Sayansi na Teknolojia inaninyima usingizi, kwa sababu ukimwuliza kwa mdomo anaeleza vizuri hadi unafurahi, lakini katika jaribio la mwezi uliopita alipata maswali 19 tu kati ya 45. Nilimnunulia kitabu cha maswali ya miaka iliyopita, na kila usiku tukimaliza kula mimi ninasoma swali naye anataja herufi. Sasa amefika mahali anataja herufi kabla sijamaliza kusoma, na anapata karibu yote, lakini akienda shuleni mambo ni yale yale. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, na maneno mengi ya siku hizi siyajui. Je, nimtafutie masomo ya ziada, au kuna jambo ninaloweza kulifanya mwenyewe hapa nyumbani?

Mwalimu Mstaafu (Kasulu)

Pole na kazi, mama. Jibu la swali lako umeliandika mwenyewe pale uliposema kwamba anataja herufi kabla hujamaliza kusoma. Mtoto huyo amekariri kitabu, hakusoma sayansi, na mtunga mtihani akibadilisha neno moja tu katika swali, mtoto anaanguka.

Kuanzia leo usimwulize jibu ni herufi gani. Mpe swali, mwache achague, kisha mwambie akueleze kwa nini kila moja kati ya herufi alizoziacha si jibu. Si lazima wewe uwe unalijua jibu. Utamsikia tu anapoanza kubabaika, na hapo ndipo penye kazi. Maswali matano kwa usiku mmoja yakifanywa hivyo yanatosha kabisa.

Jaribu na hili: "Kisababishi cha ugonjwa wa malaria ni nini?" Miongoni mwa majibu weka mbu, maji yaliyotuama, homa na plasmodiamu.

Mama wa Kibirizi

Shikamoo Mwalimu. Nimemwuliza sasa hivi, akasema mbu bila kufikiri. Nami, nikiri, ningesema mbu.

Mwalimu Mstaafu (Kasulu)

Marahaba. Ndivyo wanavyojibu wengi, na si kwa sababu hawaijui malaria, maana huku kwetu nani asiyeijua? Plasmodiamu ni kimelea, nacho ndicho kisababishi. Mbu jike wa anofelesi ni mwenezi anayekibeba kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Homa ni dalili. Maji yaliyotuama ni mazalia ya mbu. Majibu yote manne yanaihusu malaria, na mtunga swali ameyaweka hapo kwa makusudi. Mtoto anayesoma haraka huona neno "malaria", akachukua kitu cha kwanza anachokihusisha nalo. Kwa hiyo mfundishe kupigia mstari neno linalobeba swali kabla hajatazama majibu: kisababishi, mwenezi, dalili, kinga. Neno "isipokuwa" alipigie mistari miwili, kwa kuwa limewaangusha watoto wengi kuliko mada yoyote niliyowahi kuifundisha. Kisha afanye vivyo hivyo kwa kipindupindu, kichocho na minyoo.

Lipo na jambo la lugha ambalo hatulisemi sana. Mtoto anayeongea Kiha nyumbani na Kiswahili darasani anaweza kulielewa jambo lenyewe vizuri, kisha akakwama kwenye jina lake. Mwache alieleze kwanza kwa lugha inayomjia, halafu mtafute pamoja neno la kitabuni.

Fundi Boti (Ujiji)

Ninakubaliana na Mwalimu, ila kukariri kusilaumiwe kote, kwa maana yapo mambo yasiyo na njia nyingine. Nikupe moja lililomsaidia binti yangu katika nyenzo, yaani vifaa vya kurahisisha kazi kama vile kuinua mzigo. Vitabuni wanachorewa mkasi, toroli na kibanio, nao wanakariri picha. Ikija picha mpya wanapotea. Mimi nilimwambia ajiulize swali moja tu: ni kitu gani kiko katikati? Likiwa egemeo, yaani mahali kifaa kinapoegemea, hiyo ni daraja la kwanza. Ukiwa mzigo, ni daraja la pili. Ikiwa jitihada, yaani nguvu unayoitia wewe, ni daraja la tatu. Mpeleke kwenye toroli la hapo mwaloni: gurudumu ni egemeo, magunia yako katikati, mikono iko mwisho. Akiliona hilo kwa macho yake hatalisahau.

Kwenye hesabu za nyenzo, mzigo ukizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo ni sawa na jitihada ikizidishwa kwa umbali wake. Mzigo wa nyutoni 60 ukiwa sentimeta 20 kutoka kwenye egemeo, na jitihada ikiwa sentimeta 60, basi 60 mara 20 ni 1,200, gawanya kwa 60 unapata 20. Hapo binti yangu alikuwa akiandika "20" na kuweka kalamu chini. Ishirini nini? Nyutoni! Asiache kipimo.

Akiuliza kwa nini msumari unazama na meli ya chuma inaelea, mwoneshe Liemba, ambayo ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Meli inaelea kwa sababu umbo lake linasukuma pembeni maji yenye uzito sawa na wake.

Kidato cha Pili (Tabora)

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi nilifanya mtihani huo si zamani, nami ninaongeza jambo dogo lisilo la sayansi. Majibu ya kuchagua yanatiwa weusi kwa penseli kwenye fomu maalumu inayosomwa na mashine. Ukiruka swali la 17 ili ulirudie baadaye, ni rahisi kuweka jibu la 18 kwenye mstari wa 17, na kuanzia hapo yote yanahama. Katika jaribio la shule mimi nilikosa maswali kumi kwa namna hiyo. Mama, mchoree fomu ya mazoezi kwenye karatasi azoee kulinganisha namba kila anapotia weusi.

Pia nina swali kwa Mwalimu. Tuliambiwa maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini tulipopima hapa Tabora hayakufika. Mtoto aandike nini?

Mwalimu Mstaafu (Kasulu)

Umepima vizuri, kijana wangu. Nyuzi 100 za Selsiasi ni kwenye kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ya usawa wa bahari. Tabora iko juu, mita 1,200 hivi, na hata ufukwe wa Ziwa Tanganyika uko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, hivyo maji huchemka mapema kidogo. Swali likiuliza kiwango cha mchemko bila kutaja mahali, jibu ni 100. Likitaja mlimani, achague jibu lililo chini ya hapo. Anayeijua sababu hatababaishwa na lolote kati ya hayo mawili.

Mama wa Kibirizi

Mwalimu, Fundi na mwanangu wa Tabora, ninawashukuru. Nimerudi baada ya siku nne. Kitabu tumekifunga upande wa majibu, na usiku tunafanya maswali matano tu, mengine akiyatunga yeye na kuniuliza mimi. Jana alichora mlishano wa ziwani kwa mkaa sakafuni: vijimea vya majini, vijidudu, dagaa, mgebuka, mtu. Mshale wake ulitoka kwa dagaa ukaenda kwa mgebuka. Nikamwambia amekosea, kwa kuwa mgebuka ndiye anayemfuata dagaa, basi mshale utoke kwa mgebuka. Tumebishana hadi taa ikaishiwa chaji. Nani yuko sahihi?

Mwalimu Mstaafu (Kasulu)

Yeye. Mshale unaonesha chakula kinakokwenda, si mlaji anakokwenda.

Mama wa Kibirizi

Alikuwa ameshalala. Nimemwamsha nikamwambia.