Waini gani adimu unatamani kuionja mwakani? Tupeane uzoefu

Bundi wa Njiro
Wakuu, juzi nilikuwa kwenye sendofu hapa Sakina. Meza ya wakwe ikawekewa waini ya boksi. Mzee mmoja akainusa, akairudisha mezani taratibu, akasema "hii ni juisi iliyokasirika." Nikakumbuka kuwa miaka yote hii naendesha wageni mbugani, wanataja majina ya waini huko nyuma ya gari, na mimi nasikia tu. Mwakani lazima nionje moja ya maana.

Yangu ni Vin de Constance, ile tamu ya Klein Constantia, Cape Town. Waini ya Constantia ndiyo Napoleon alikuwa akiletewa kifungoni St Helena. Baadaye ikapotea kabisa, wakaja kuifufua; ya kwanza ya uzao mpya ni ya 1986. Na ukijibana, bei yake unaifikia. Wewe je? Na kama umeshaonja kitu, tema hapa.

Mama Kibosho
Meza ya wakwe na boksi wapi na wapi. Naunga mkono hoja.

Chalii wa Kijenge
Romanée-Conti, Ufaransa. Shamba lenyewe halifiki ekari tano, chupa ni elfu tano au sita kwa mwaka, dunia nzima inazigombania. 2018 chupa moja ya 1945 ilinadiwa New York dola 558,000. Mwaka ule wa 1945 zilitoka chupa 600 tu, baada ya hapo mizabibu ikang'olewa. Mimi wakinipa hata kizibo ninuse, natosheka.

Meku wa Machame
Dola 558,000 chupa moja?? Aisee, hizo nanunua kihamba cha ukoo mzima na wenyewe wakiwemo ndani.

Bosi Jiwe
Nyie mnaota, wenzenu tumekunywa. Nilipouza jiwe nikaenda Dubai, nikaagiziwa Château d'Yquem, ile ya Ufaransa, ya 1992. Ya kawaida tu, tamu kama soda.

Kizibo
Mkuu, ya 1992 haipo. Yquem mwaka ule hawakutoa waini, mavuno hayakuwaridhisha. Hata 2012 hawakutoa. Hata 1974.

Bosi Jiwe
Kwani wewe ulikuwepo Dubai?

Kizibo
Sikuwepo. Na hiyo waini nayo haikuwepo.

Mama Kibosho
Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Mhudumu Mstaafu
Mmelitaja hilo jina mmenirudisha mbali. Hili sijawahi kumsimulia mtu zaidi ya mke wangu.

Nilikuwa na miezi sita kazini, hoteli moja upande wa Usa River. Wakaja mzee na mkewe, wametoka mbugani. Mchana mzee akanikabidhi chupa iliyoviringishwa kwenye soksi mbili za sufu. Akasema ni ya usiku, niiweke kwenye baridi. Chateau d'Yquem, 1976. Kwangu ilikuwa chupa tu.

Saa moja jioni nikaifungua. Kizibo cheusi, kinamomonyoka, nikamalizia kukitoa kwa uma. Nikamimina kidogo kwenye glasi. Wakuu, rangi ya chai! Chai ya rangi iliyolala. Mafunzoni tuliambiwa waini nyeupe ikigeuka kahawia imeharibika. Nikanusa: asali iliyoungua na maganda ya chungwa. Nikasema maskini mzee wa watu, kabeba kitu kilichooza kutoka kwao mpaka huku. Huruma ndiyo iliyoniponza. Nikaimwaga kwenye sinki ili nimchukulie nyingine iliyo salama kwenye friji.

Mpishi wetu, mama mmoja wa Rombo, alikuwa anapita na sufuria. Akasimama, akavuta pua. "Wewe mtoto, umemwaga asali ya nani?"

Chupani ilikuwa imebaki kama vidole vitatu.

Baadaye ndipo nikaja kujua. Zile zabibu zinaachwa ziote ukungu makusudi, zinasinyaa, zinabaki na sukari, na wachumaji wanarudi shambani mara kadhaa wakichagua. Mzabibu mmoja unatoa glasi moja. Sasa nyie pigeni hesabu nilimwaga mizabibu mingapi. Na hiyo rangi ya chai ndiyo uzee wake wenyewe.

Nilivua aproni nikaenda mezani nikasema ukweli. Mzee hakutamka neno. Mkewe ndiye akauliza, "Imebaki?" Wakanywa wote wawili ile iliyobaki, polepole, kama watu walio kanisani. Halafu mzee akachukua kijiko cha chai, akadondoshea, akanipa nionje nilichokimwaga. Asali kwanza, kisha ukali kama wa ndimu, kisha sijui niseme nini, kitu cha kukaangwa. Usiku ule sikunywa maji, nilikuwa naogopa kuisafisha mdomoni.

Asubuhi yule mama wa Rombo akanichumia jani la isale, lile Wachagga tunaloombea msamaha, akaniambia kapige goti. Mzee wa watu hakujua ni nini, akalichomeka kwenye kofia yake. Meneja yeye hakujali isale, alinikata mshahara miezi miwili.

Mwakani natimiza hamsini. Nataka glasi, siyo kijiko.

Bosi Jiwe
Chai hii.

Mhudumu Mstaafu
Hata mimi nilidhani hivyo, mkuu, ndiyo maana nikaimwaga.

Meku wa Machame
Ila meneja kukataa isale, huyo hakuwa wa huku.

Kizibo
Mhudumu, usijitese. 1989 New York muuza waini mwenyewe aligongesha chupa ya Château Margaux ya 1787 akiwa karamuni, ikatoboka. Bima ikalipa dola 225,000.

Binti Soweto, Moshi
Samahani, mgeni aliniachia chupa nyekundu ya Ufaransa tangu 2019, nimeisimamisha juu ya kabati. Nifanyeje?

Chalii wa Kijenge
Iache ilivyo, pombe isiguse kizibo.

Kizibo
Usimsikilize. Ilaze, kizibo kikikauka hewa inaingia. Siku ya kuinywa ndiyo unaisimamisha mapema, mashapo yashuke.

Mama Kibosho
Juu ya kabati, kwa joto la Moshi, tangu 2019? Hiyo tia kwenye mchuzi wa mbuzi.

Mgogo Arusha
Nyie wote mmeiruka Dodoma. Kwetu zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, huko Ufaransa mara moja.

Meku wa Machame
Mara mbili, na kichwa kinauma mara nne.

Mgogo Arusha
Rudi kwenye mbege yako.

Bundi wa Njiro
Jamani, turudi kwenye mada. Tukijitokeza kumi tuchange Vin de Constance moja, tuikate Krismasi hukohuko Moshi wakati watu wamepanda.

Kizibo
Chupa yake ni nusu lita. Watu kumi ni kama kikombe cha kahawa kila mtu.

Mama Kibosho
Mimi nipo. Nani atafungua?

Bundi wa Njiro
Yeyote, ila siyo Mhudumu.

Mhudumu Mstaafu
Naja na kijiko changu.