Jiwe zito lenye punje nyekundu kutoka Isimani: ni mwamba moto au mwamba geu?

Mwalimu wa jiografia, Iringa
Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Mwanafunzi wangu ameleta jiwe aliloliokota shambani kwao Isimani. Ni jeusi lenye ukijani, zito kupita umbo lake, na limejaa punje nyekundu kama mtama, kila punje ikiwa imezungushiwa utando mweusi. Wapasuaji kokoto wa hapa mjini, waliozoea matale (graniti) ya kijivu, wanasema nyundo inadunda. Niliweke katika fungu lipi la miamba?

Mkazi wa Tukuyu
Mwalimu, weusi huo unanikumbusha basalti zetu za Rungwe. Nadhani ni lava ya zamani.

Mjiolojia, Mbeya
Ndugu wa Tukuyu amegusa asili yake, ila volkano za Rungwe ni changa mno. Punje hizo, kwa maelezo ya Mwalimu, ni madini yaitwayo ganeti, na basalti inapopoa juu ya ardhi haitoi ganeti. Huko Isimani, kwenye kilima cha Yalumba, kuna mwamba uitwao eklogaiti ambao utafiti uliochapishwa mwaka 1995 uliupa umri wa takriban miaka bilioni 2, na kemia yake inafanana na ya basalti (lava iliyoganda) ya sakafu ya bahari. Maana yake ni kwamba lava iliyoganda chini ya maji ilivutwa hadi kina cha kilomita 60 hivi, na huko, bila kuyeyuka, madini yake yakajipanga upya kuwa ganeti nyekundu na pairoksini ya kijani. Utando mweusi ndio unaonifurahisha zaidi, kwa sababu huo ni alama ya safari ya kurudi juu: mgandamizo ulipopungua na maji yakapenya, ganeti ilianza kuliwa kutoka pembeni na kuacha amfiboli, madini meusi yasiyo mazito kama ganeti. Kwa hiyo ni mwamba geu uliotokana na mwamba moto.

Lipimeni uzito hewani, kisha likiwa limening'inizwa ndani ya maji, mgawanye uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Matale hutoa 2.7 hivi, basalti kama 3.0, eklogaiti 3.4 au zaidi. Mkipata 3.1, huenda amfiboli imekwisha kuchukua sehemu kubwa.

Mwalimu wa jiografia, Iringa
Ahsante sana. Tumepima darasani leo: gramu 612 hewani, 430 majini, yaani 3.36. Jumamosi mwanafunzi atatuonyesha alipoliokota, tuone kama mwamba wenyewe umechomoza ardhini au jiwe lilisombwa na maji kutoka kilimani.