Gari la zimamoto lilifika limejaa maji: acheni kuwapiga mawe askari, iulizeni halmashauri

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Yadi ya mbao ya jirani zetu imeteketea usiku katika mji wetu mdogo huku Nyanda za Juu Kusini, na tangu kulipokucha watu wanawatukana askari wa zimamoto kwamba walikuja na gari lisilo na maji. Si kweli. Tangi la lita 5,000, pampu ikisukuma lita 1,000 kwa dakika, huisha ndani ya dakika 5, na mjini kwetu hakuna hata sehemu moja ambapo askari anaweza kuunganisha mpira wake akajaza tena. Walilazimika kushuka mtoni kuchota, na mlima ule sote tunaujua. Waliporudi paa lilikuwa limeshaanguka, na watu wakawapokea askari kwa mawe. Askari kijana aliyepasuliwa paji la uso ndiye aliyekuwa ameingia ndani kutoa mitungi ya gesi. Ni aibu kubwa.

Huu ni ukanda wa mbao. Mvua zikishakatika nyasi zinakauka, watu wanachoma mashamba kuyaandaa kwa msimu, na ikifika Septemba na Oktoba upepo unabeba cheche kutoka bonde moja hadi jingine. Mashine za dingdong, zile ndogo za kupasulia mbao, zinaacha marundo ya maranda na mabanzi karibu kabisa na nyumba, na moto ukiingia humo hufukuta chini kwa chini hata siku kadhaa, mtu akidhani umezimika, kisha upepo unauamsha. Moto wa namna hiyo hauzimwi kwa tangi moja. Unataka maji yasiyokatika.

Huduma hii sasa iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, na viongozi wetu wamelifanya hilo kuwa kichaka cha kujifichia. Ukiwauliza wanajibu kwamba zimamoto si ya halmashauri. Basi ni nani aliyeruhusu yadi zibanane mpaka gari likakosa pa kupita? Ni nani anayekusanya ushuru wa mbao kila gari linapopita kizuizini? Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, soko la SIDO likaungua mwaka 2017, yote hapo Mbeya mjini, kwenye magari na askari wengi kuliko sisi, na bado hapa kwetu hakuna aliyeshtuka.

(Jambo jingine: namba ya zimamoto ni 114 na haina malipo. Usiku ule wengi walikuwa wakimpigia mwenyekiti wa mtaa huku moto ukipanda.)

Hatudai gari jipya kwanza. Tunadai matangi ya maji ya kuzimia moto, moja sokoni na jingine kwenye yadi za mbao, yenye viungio vinavyokubali mipira ya zimamoto, na njia ya gari iachwe wazi kati ya yadi na yadi. Waheshimiwa madiwani mnaosoma hapa, tujibuni kwa maandishi: fedha za matangi hayo zimo kwenye bajeti ijayo, au hazimo?