Naomba ushauri: kuunganisha faili za C ziwe moja

Habari zenu wakuu. Nina programu ya C yenye faili 38. Fanksheni ndogo ya kusoma tarakimu inaitwa mara mamilioni, lakini ipo kwenye faili nyingine, hivyo GCC (kompaila ninayotumia) haiwezi kuipachika pale inapoitwa. Nilivutiwa na watengenezaji wa SQLite (programu ya hifadhidata), wanaokusanya msimbo wao wote ndani ya sqlite3.c, nikatengeneza zote.c yenye #include za faili zote. Ikagoma: "redefinition of 'ruka_nafasi'", maana faili mbili zina fanksheni ya static (inayoonekana ndani ya faili lake tu) ya jina hilohilo.

Nikajaribu -flto (chaguo la GCC la kuboresha msimbo wakati wa kuunganisha faili zote), lakini maktaba niliyoifunga kwa ar (programu ya kukusanya faili zilizokompailiwa ziwe maktaba moja) inaleta "plugin needed to handle lto object". Siku ya tatu leo.

Je, nibadilishe majina ya static zote, au nikomae na -flto? Na hiyo ar naitengenezaje?