Tupeane uzoefu: Waliobakiza milioni kwa mwaka kwa kubana matumizi ya nyumbani, Tanga mjini tukutane hapa

Mleta uzi (Ngamiani)
Wadau habari za saizi. Kila nikikaa barazani huku Ngamiani story ni moja tu, hela haikai. Mshahara unaingia mwisho wa mwezi, wiki moja mbele mtu anakopa vocha. Nikapiga hesabu: buku tatu ukiizuia isitoke kila siku, kwa mwaka ni 1,095,000. Hizo ni bati za vyumba viwili na sebule mtu anaanza kufikiria. Sasa sitaki hapa mawaidha ya "jifunze nidhamu ya fedha", nataka mtu aseme alikata nini na kikabaki kiasi gani.

Naanza mimi. Kwangu mwizi alikuwa kupimapima. Mafuta ya mia tano mchana, jioni tena ya mia tano, sukari robo, unga nusu, na duka la mangi liko mlango wa pili kwa hiyo mtoto anatumwa hata mara nne. Mkaa ndo usiseme, kopo la buku mbili kwa siku ni 60,000 kwa mwezi, wakati gunia nililichukua 45,000 na likavuka mwezi. Mafuta nikaungana na jirani tukachukua dumu la lita 20 tukagawana. Chakula ni kilekile, hakuna aliyelala njaa, na kama 40,000 ikawa inabaki kila mwezi. Ila kuna kitu hamtaambiwa, gunia la unga likikaa jikoni wazi mkono unalegea, ugali unapikwa wa kumwaga. Kwa hiyo unga wa wiki unapimwa unawekwa kwenye ndoo, gunia linalala chumbani. Wife alinuna mwanzoni, sasa yeye ndo mlinzi mkali kuliko mimi.

Mdau wa Makorora
Mi nitasema kifupi. Baiskeli. Watoto wa siku hizi mnaona aibu wakati mji wenyewe hauna mlima wa kukutoa jasho. Kwenda kazini na kurudi kwa boda ilikuwa 3,000, siku 26 za kazi ni 78,000, zidisha kwa miezi 12 mtapata 936,000. Toa tyubu, breki na fundi wa mnyororo, bado iko juu ya laki nane. Mvua za masika napanda bajaji, sina ubishi na mvua.

Mama wa Chumbageni
Jamani mnaongelea mkaa na umeme mmeusahau. Wangapi mnajua mpo tarifu gani? Mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi unit 75 kwa mwezi anauziwa unit kwa 100, yule wa kawaida ni 292, hapo kabla ya VAT na tozo nyingine. Ukijumlisha zote ni kama 122 kwa 356. Mimi natumia unit 60 hivi, piga hesabu mwenyewe, tofauti ni elfu kumi na nne kwa mwezi, yaani 168,000 kwa mwaka bila kuzima hata taa moja. Nilikuwa nanunua kwa bei ya juu kwa sababu nyumba nzima tulikuwa mita moja, wapangaji wanne, mwenye friji la kugandisha ubuyu humo humo, sasa hapo 75 mtaionea wapi. Tulipopata mita zetu nikaenda TANESCO kuomba nihamishwe, wakaangalia matumizi yangu, ikawa. Na hiyo 1,500 inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi ni kodi ya jengo, msiilaumu tarifu.

Lingine, sufuria ya presha ya umeme. Nilidhani itanila. Maharage yanayomaliza jiko zima la mkaa yanaiva kwa chini ya unit moja. Pweza hali kadhalika. Mkaa wangu sasa ni wa kuchomea samaki na kupalia wali tu, wali bila moto wa juu mimi siuwezi.

Bibie wa Mabawa
Nyie wanaume mnahesabu mafuta ya mia tano, hela ya mwanamke wa Tanga inaondoka na shughuli mwaya! Hebu niwape hesabu ya harusi moja ya mtu ambaye hata si ndugu: mchango 50,000, kitambaa cha sare 35,000, fundi 20,000, hujasuka, hujapaka hina, hujabadilisha noti za kutunzia. Kuna sherehe ya kumfunda bibi harusi ina sare yake, kuna ndoa ina sare yake, na usipovaa sare utakaa nyuma na wapishi. Mwezi wa harusi nyingi nilikuwa namaliza laki mbili na nyumbani tunakula mchicha.

Nikajiwekea mpaka. Mchango natoa kwa ndugu wa damu, jirani tunaogawana ukuta, na wale waliokuja kwangu, daftari langu la waliokuja ninalo. Wengine nakwenda kuwamenyea vitunguu na kukuna nazi tangu alfajiri, na hakuna mwenye shughuli anayemfukuza mkuna nazi. Sare sishoni, nina dera langu la heshima linatosha. Walinisema? Wamenisema mpaka wamechoka, bahili, anajenga ghorofa, sijui anaringa. Msiba siuwekei bajeti, msiba nakwenda na nilichonacho. Mwaka wa kwanza ilibaki kama laki saba, nikanunua cherehani, na sasa hao hao wananiletea sare zao niwashonee. Hapo nacheka peke yangu.

Bachela wa Kange
Chipsi mayai na bando la siku. Nikahamia bando la mwezi na kupika mwenyewe jioni. Nabakiza 50,000 kwa mwezi. Kusema kweli ndizi za kuchemsha kila siku zinachosha.

Dada wa Mikanjuni
Samahani nami niseme, maana uzi huu waume zetu wataubeba vibaya. Kuna wanaume wakisikia kubana matumizi wanachopunguza ni hela ya mezani tu, wao soda za kijiweni na mpira wa kwenye banda viko palepale. Ukimwachia mtu 5,000 kwa watu sita halafu jioni unauliza nyama iko wapi, huko siko kubana matumizi, huko ni kumbana mke. Kwangu tulikubali moja, kila mmoja ataje chake cha kukata kwanza. Yeye akataja king'amuzi kifurushi kikubwa, mimi nikataja vyombo vya mkopo. Heshima ikabaki.

Mdau wa Sahare
Dada umenena. Mi naongeza samaki. Badala ya fungu la jioni kwa muuza karai, tunaungana nyumba tatu, mmoja anawahi soko la samaki la Deep Sea asubuhi vyombo vikiingia, anachukua vibua au dagaa kwa ndoo, tunagawana. Sitaji bei, bahari ikichafuka au mwezi ukiwa mpevu bei inaruka. Lakini siku za kawaida ni karibu nusu.

Mleta uzi
Nimewasoma wote, Bibie wa Mabawa nimekuvulia kofia. Swali langu, hiyo inayobaki mnaiweka wapi? Kibubu changu kila shule zikifunguliwa kinapasuliwa.

Mama wa Chumbageni
Nusu kikoba, kwa sababu pale ukikosa hisa ya wiki macho ya wenzio tu yanatosha. Nusu nanunua vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS kwa simu, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Ukitaka kuuza hela haiji papo hapo, inachukua siku za kazi kadhaa, na mimi ndo nilichopendea hicho, hasira ya kununua kitu inakuwa imepita.

Mdau wa Makorora
Tukiwa hapa hapa, kuna shemeji yangu analima mpunga Mombo, wakivuna naweza kuleta mchele gunia la kilo 100 tukagawana kilo 25 kila nyumba. Nahitaji watu watatu tu. Nauli ya mzigo tunachanga sawa, mizani naileta mimi, na hela kabla ya mzigo sipokei.

Bibie wa Mabawa
Niandike. Na huo mchele usiwe wa chenga, nitaurudisha.