Naomba ushauri: "kubungua" kwa matundu ya kwenye mbao

Habari zenu ndugu zangu. Shikamooni wakubwa.

Naandika kijitabu kifupi cha utunzaji wa samani za mbao na nimekwama kwenye neno moja. Ni vile vitundu vidogo vya mviringo, milimita 1 hadi 3, vyenye unga laini chini yake. Mabuu hula mti kwa ndani, halafu mdudu mpevu hutoboa na kutoka, kwa hiyo tundu huonekana wakati uharibifu umeshafanyika. Msomaji akilielewa hilo atawahi kuokoa kitanda chake, ndiyo maana nalitaka neno sahihi.

"Kutoboa" ni pana mno; hata fundi mwenye keekee anatoboa. "Kupekecha" kunanipeleka kwenye kuzungusha kitu. Kwetu mahindi na maharage "hubunguliwa", na nalipenda sana neno hilo, lakini fundi niliyemuuliza alisema tu "mbao imeliwa".

Je, kwenu mbao nayo hubunguliwa, au ni nafaka tu? Na tundu lenyewe mnaliitaje: "bunguo", au mnabaki na "tundu la mdudu"? Tafadhali taja na sehemu unayotoka.

Natanguliza shukrani.