Maduka ya pikipiki na ofa yao ya "leta chakavu, ongezea hela, ondoka na mpya": wanatupiga mchana kweupe

Wakuu salaam. Naandika hasira bado ziko juu, mtanivumilia.

Kuna haya maduka ya pikipiki mjini yanayotangaza leta pikipiki yako ya zamani ongeza kidogo uondoke na mpya. Nasema wazi, wanawapiga watu, na wanaopigwa sana ni madereva wa boda ambao hawawezi kukaa siku mbili bila chombo. Duka silitaji jina, na hata nikilitaja halisaidii maana sio moja, zunguka Kariakoo utakutana na mchezo huohuo milango kibao.

Mimi nina (nilikuwa na) Boxer BM 150, namba ya usajili ya D, nimenunua mpya mwenyewe, injini haijawahi kufunguliwa, kadi original ipo kwa jina langu, haidaiwi faini hata moja. Nikataka kuchukua nyingine mpya ya aina hiyohiyo. Tangazo lao linasema tunaipokea pikipiki yako hadi milioni 1 na laki 8. Nikasema poa, hata wakinipa mil 1 na laki 4 nachukua, niokoe muda.

Nafika pale anatoka dogo na daftari anaanza kuizunguka. Cheni imelegea, anaandika. Tairi la nyuma limeisha, anaandika, na hilo ni kweli lilikuwa limeisha sibishi. Saiti mira moja ina ufa, anaandika. Mpaka hapo sawa. Sasa akachuchumaa nyuma, akaingiza kidole kwenye ekzosti, akakitoa kimejaa masizi meusi akaninyooshea usoni, "bro hii inakula oili, hapa pistoni na ringi zimekwisha, tunakata laki 3".

Hapo ndipo damu ilipochemka. Pikipiki inayokula oili masizi yake yanakuwa na utelezi, ukiyasugua kwenye vidole unasikia mafuta, na ukiiwasha asubuhi inatoa moshi wa bluu. Yale masizi yalikuwa makavu kabisa kama ya chungu. Masizi makavu meusi maana yake petroli inaingia nyingi mno ukilinganisha na hewa, ni ea klina (chujio la hewa) imejaa vumbi au kabureta inataka kurekebishwa, kazi ambayo fundi wa kijiweni anakufanyia kwa elfu kumi na chai anakunywa juu. Nikamwambia basi washa uvute mafuta tuangalie moshi wake. Hataki. Nikamwambia chomoa plagi tuitazame, kama ina oili nakupa pikipiki bure. Hataki, anasema "mzee hiyo ndio tathmini ya ofisi". Tathmini ya ofisi kwa kidole!! Watu wangapi wamekatwa laki 3 kwa masizi ambayo kila pikipiki inayokimbia foleni za Dar inayo?

Mwisho wakasema yangu wanaichukua kwa laki 9.

Bado, hiyo laki 9 yenyewe ni kiini macho. Bango la dukani linasema Boxer mpya 3,050,000. Nikasema haya, toa laki 9, nabaki na 2,150,000 ya kulipa. Yule wa mezani anacheka, anasema hapana kaka, hiyo bei ya bangoni ni ya mtu wa keshi, ukileta ya zamani mpya inahesabiwa 3,250,000. Yaani laki 2 zimeongezeka pale pale, pikipiki ni hiyohiyo na iko kwenye nailoni yake vilevile. Kwa hiyo hawakunipa laki 9, wamenipa laki 7. Kisha kuna mstari wa chini kabisa, "gharama za uhamisho 150,000". Tukabaki laki 5 na nusu kwa pikipiki inayotembea, yenye kadi, isiyodaiwa.

Na hiyo 150,000 naomba tuiongelee maana ndio inaniuma kuliko zote. Ada ya TRA (mamlaka ya mapato) ya kuhamisha umiliki wa pikipiki ni 27,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, kwa laki 9 ni 9,000. Jumla 46,000. Hiyo laki na elfu 4 iliyobaki ni ya nani? Na tangu lini muuzaji ndiye anayelipia uhamisho, wakati hapo mnunuzi ni wao? Nikauliza na risiti, wanasema risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, watatoa kwa ile hela nitakayoongeza tu, ya zamani "tunaandikiana kwenye karatasi". Sasa siku pikipiki mpya ikisumbua na nikadai changu, risiti yangu inasomeka bei ambayo sio ya pikipiki.

Natoka nje nakuta wamepanga used zao pembeni. Ipo Boxer namba D kama yangu, tanki limepakwa rangi, stika mpya, tairi za nyuzi zile za bei rahisi. Nauliza bei kama mteja, 1,850,000 haipungui. Nikamuuliza yule dogo wa daftari kidole chake kilisema nini kwenye ekzosti ya hii. Akaingia ndani.

Najua watakuja watu hapa kusema ile ni biashara, wana pango, wana fundi, pikipiki inaweza kukaa miezi bila mteja. Sawa kabisa, faida ni haki yao. Mtu akininunulia kwa mil 1 na laki 3 akauza mil 1 na laki 8 na nusu sina neno, alale nayo salama. Ninachokikataa ni kumficha mtu. Sema wazi yako naichukua laki 5 na nusu, uone kama kuna dereva atakayekuachia. Hawasemi kwa sababu wanajua hakuna.

Mimi niliondoka nayo nikaiuza mwenyewe, mil 1 na laki 6, kwa mwalimu mmoja wa Mkuranga anaitaka ya kwendea kazini. Sisemi ni raha. Dalali wa kwanza aliniambia nimpe bei yangu, chochote cha juu ni chake, nikakuta ameitangaza mil 1 na laki 9 na kila anayekuja anakimbia. Wapo wa "mwisho bei gani" ambao hata kuiona hawajaiona. Mmoja akataka kwenda kuijaribu peke yake aniachie simu kama dhamana, simu yenyewe kioo kimepasuka, nikamwambia panda nyuma nitakuendesha mimi, hakurudi tena. Mwingine ananionesha meseji ya muamala hela imeingia wakati salio langu halijasogea hata shilingi. Hayo yapo, na ukiuza mtaani lazima uwe macho.

Ila angalia hesabu. Tairi jipya elfu 65, fundi elfu 10, wakili wa kushuhudia mkataba wa mauziano elfu 30. Kwenye mil 1 na laki 6 nikabaki na 1,495,000 mkononi. Dukani ningebaki na 550,000. Hela ilihesabiwa kaunta ya benki tukiwa wote wawili tumesimama pale, ikaingia kwenye akaunti yangu ndipo akapewa funguo. Uhamisho tukaufanya kwa TIN yangu na yake, ada akalipa yeye kwa kontroli namba kama inavyotakiwa, na leo jina langu halipo tena kwenye ile pikipiki. Mpya nikaenda kuinunua kwa keshi duka lingine, kwa bei ileile ya bangoni, na helmeti wakatupia.

Hilo la jina msilipuuze wakuu. Jirani yangu hapa mtaani ni dereva wa boda, yeye alikubali ile ofa, wakamsainisha fomu wakasema uhamisho "tutamalizia sisi". Hawakuhamisha. Waliiuza kwa mtu na kadi yenye jina la jirani, faini za trafiki zikaanza kusoma kwake, elfu 10 elfu 10, anaangalia namba yake ya zamani kwenye mfumo anakuta deni ambalo hajui limetokea barabara gani. Hiyo ilikuwa nafuu. Baadaye akaitwa kituoni maana pikipiki ilitumika kukwapua pochi ya mama mmoja na namba ikasomeka jina lake. Mtu mwenye mke na watoto amekaa kwenye benchi la polisi kutwa nzima anaeleza kwamba pikipiki aliishaiacha dukani, duka wanapigiwa simu wanasema wao hawana kumbukumbu, na karatasi waliyoandikiana haina hata mhuri. Huyu kalipa 150,000 ya uhamisho! Walichukua hela ya kazi ambayo hawakuifanya.

Na wanachowashikia madereva ni kitu kimoja tu, muda. "Ukiuza mwenyewe utakaa bila kazi, hesabu ya bosi utaitoa wapi." Ndugu zangu wa vijiweni, ukiitangaza pikipiki huipaki. Unaendelea kupiga kazi mpaka siku mnunuzi yuko benki na hela. Nimeona mtu wa kijiwe chetu ameuza TVS yake hivyohivyo, abiria ndio waliomletea mteja. Kama injini imekufa kabisa, au huna kadi ya kueleweka, hapo sawa wapelekee duka, hakuna mwingine atakayeigusa. Lakini pikipiki nzima usiifikishe pale, na kama lazima uende basi uliza bei ya keshi ya mpya kabla hawajajua una ya zamani, uandike, ndio uanze mazungumzo. Na usisaini fomu ya uhamisho yenye nafasi ya jina la mnunuzi iko wazi.

Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kwa matangazo, na FCC (Tume ya Ushindani) ndio wenye kazi hiyo. Mimi nina picha ya bango la 3,050,000, nina skrinshoti ya tangazo la "hadi milioni 1 na laki 8", na nina ile karatasi yao yenye 3,250,000 na mstari wa 150,000 kwa mwandiko wao wenyewe. Jumatatu napeleka vyote. Jirani naye amekubali kuandika maelezo yake. Kama umefanyiwa hivi na bado una karatasi uliyopewa, njoo PM, hata kama ni duka lingine, tupeleke mzigo mmoja wasije wakasema ni mteja mmoja mwenye chuki.